Adrien Atiman: Mtoto aliyeuzwa jangwani akawa tabibu wa Karema kwa miaka 67

Katika kata ya Shanwe, kama ilivyo kwenye kata nyingine za Manispaa ya Mpanda, maneno ya kujikabidhi kwa Mungu husikika karibu kila siku. Husikika makanisani, kwenye jumuiya ndogondogo, msibani, na hata kwa mkulima anayetazama mawingu mwezi wa Novemba. Tatizo ni kwamba si wote wanaotamka maneno hayo wana maana moja. Yupo anayemaanisha kwamba amefanya sehemu yake na sasa anasubiri. Yupo pia anayemaanisha kwamba hafanyi chochote tena, Mungu atajua mwenyewe. Na yupo anayeyatumia kumfunga mdomo mwenzake: hayo ni mapenzi ya Mungu, usiulize.

Je, mtu anayejikabidhi kwa Mungu anaacha kuyaongoza maisha yake mwenyewe? Ili kulitazama swali hili kwa mfano wa mtu halisi, hatuhitaji kwenda mbali. Ukitoka Mpanda kuelekea magharibi hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, safari ya zaidi ya kilometa 100, unafika Karema katika Wilaya ya Tanganyika. Hapo ndipo alipoishi, alipofanya kazi na alipofia Adrien Atiman, tabibu na katekista aliyefika mwaka 1889 na kufariki mwaka 1956.

Ni maisha yanayofaa swali letu kwa sababu moja kubwa. Mtu huyu aliwahi kuwa mali ya watu wengine. Alijua maana ya kutokuwa na amri juu ya mwili wako, safari yako wala kesho yako. Mtu kama huyo anapojiweka chini ya uongozi wa Mungu kwa hiari, tendo lake lina uzito tofauti na la mtu ambaye hajawahi kupoteza uhuru.

Aliyechukuliwa bila kuulizwa

Atiman alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 katika kijiji cha Tundurma, kando ya Mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Leo eneo hilo liko katika nchi ya Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani, akauzwa utumwani na kuvushwa Jangwa la Sahara kuelekea kaskazini.

Biashara ya watumwa kuvuka Sahara ilikuwa ya zamani kuliko ile ya Bahari ya Atlantiki, na iliendelea hata baada ya mataifa ya Ulaya kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa meli. Watoto walipendwa na wanunuzi kwa sababu husahau lugha na njia ya nyumbani mapema. Wengi walikufa njiani kwa kiu na uchovu. Atiman alifika akiwa hai Metlili, mji wa oasisi katika nchi ya Algeria.

Huko, mwaka 1876, alikombolewa kwa fedha na mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Kwetu shirika hilo lilijulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, kutokana na kanzu zao. Lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, Mfaransa ambaye baadaye alifanywa kardinali. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwakomboa watoto watumwa na kuwalea.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Mtoto wa miaka kama kumi amenunuliwa tena. Safari hii aliyenunua ana nia ya kumwacha huru, lakini mtoto hajaulizwa anataka kwenda wapi. Nyumbani kwao ni mbali, ng'ambo ya jangwa lilelile, na njia imejaa watekaji walewale. Anachukuliwa kwenda Algiers, anapewa chakula, nguo na shule. Ni wema, lakini ni wema uliopangwa na wengine.

Jambo moja katika utaratibu wa Lavigerie linabadilisha picha hiyo. Hakutaka watu wabatizwe haraka. Aliagiza kwamba mtu mzima anayetaka kuwa Mkristo apite miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo, na watoto waliokombolewa hawakupaswa kubatizwa siku ile waliyotolewa utumwani. Sababu yake ilikuwa wazi: imani inayopokelewa kwa woga au kwa shukrani ya tumbo haidumu. Kwa hiyo Atiman alipobatizwa na kuitwa Adrien, alikuwa amekaa na jambo hilo muda wa kutosha kulikubali au kulikataa.

Malta: kusomea kazi iliyochaguliwa na mwingine

Mwaka 1881 Atiman alipelekwa Malta, kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, wakati huo koloni la Uingereza. Lavigerie alikuwa amefungua huko nyumba ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa ili wasomee tiba katika Chuo Kikuu cha Malta. Kisiwa kilifaa kwa sababu watu wake walikuwa Wakatoliki na lugha yao ina asili ya Kiarabu, lugha ambayo vijana hao walikuwa wameizoea Algeria.

Mpango wa Lavigerie ulikuwa wa kipekee kwa nyakati zile. Wamisionari wa Ulaya waliokwenda Maziwa Makuu walikuwa wakifa kwa homa kabla hawajajifunza lugha vizuri. Yeye aliona kwamba Afrika itaponywa na kufundishwa na Waafrika wenyewe. Hivyo alitaka wapatikane vijana wenye elimu ya tiba, waliooa, wanaoishi kama watu wa mahali walipo, wanaotibu kwa mkono mmoja na kufundisha dini kwa mwingine. Waliitwa madaktari makatekista.

Atiman alisoma hadi mwaka 1888. Miaka hiyo ilikuwa ya mabadiliko makubwa katika tiba. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikuwa ameona vimelea vya malaria ndani ya damu ya mgonjwa, na aliviona akiwa Algeria. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amegundua kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Kusafisha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu kulikuwa kumeanza kukubalika katika hospitali za Ulaya. Lakini kwamba malaria huenezwa na mbu, hakuna aliyekuwa na uthibitisho hadi mwaka 1897. Atiman alitoka chuoni akijua kwamba kwinini inasaidia, bila kujua kwamba adui ni yule mbu anayelia sikioni usiku.

Je, alichagua kuwa tabibu? Kwa kadiri ya mpango, hapana. Lavigerie ndiye aliyeamua vijana wale wasomee nini na kwa ajili ya nini. Mkristo wa leo anayesema kwamba anafuata uongozi wa Mungu anaweza kujiuliza hapo: huu ni uongozi wa Mungu au ni uongozi wa askofu? Ni swali la haki, na maisha ya Atiman hayalifuti. Yanachoonyesha ni kwamba mwito wa mtu mara nyingi hupitia mikononi mwa watu wengine: mzazi, mwalimu, kiongozi wa dini, hata bosi. Kinachobaki kuwa cha mtu mwenyewe ni namna anavyolipokea jambo hilo, na kama ataendelea nalo siku ambayo hakuna tena anayemsimamia.

Siku hiyo kwa Atiman ilikuja mapema. Lavigerie alifariki Algiers mwaka 1892. Askofu Léonce Bridoux, aliyewekwa wakfu mwaka 1888 na kuja na msafara ambao Atiman alikuwamo, alifariki mwaka 1890. Waliompangia walikuwa wameondoka. Mwanafunzi wao alibaki Karema.

Karema: mahali palipopangiwa jambo lingine

Mwaka 1888 msafara ulitoka pwani ya Afrika Mashariki kuelekea bara. Ulikuwa mwaka mgumu. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeanza kutwaa miji ya pwani, na baadaye mwaka huohuo vita vya Abushiri vilizuka. Safari ya kwenda Ziwa Tanganyika ilikuwa ya miguu, ya miezi kadhaa, ikipita njia ambazo kwa miaka mingi zilibeba pembe za ndovu na watumwa kuelekea baharini. Atiman, aliyewahi kutembezwa jangwani kama mzigo, sasa alipita njia ya watumwa akiwa mtu huru. Mwaka 1889 alifika Karema, ambayo wazee wa zamani na vitabu vya kale huiita pia Kalema.

Historia ya Karema yenyewe ni somo kuhusu mipango ya wanadamu. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya chama kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mfalme alitaka vituo vya kumfikisha katikati ya Afrika. Mwaka huo huo waliletwa tembo wanne waliofunzwa kutoka India ili wajaribiwe kubeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Kiongozi wa jaribio hilo, Kapteni Carter, aliuawa mwaka 1880 katika mapigano huko Mpimbwe, eneo ambalo leo liko ndani ya mkoa wetu wa Katavi.

Ngome ilijengwa juu ya kilima karibu na maji. Kisha hata ziwa likakataa kukaa mahali pake. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umefunguka na kuanza kulitoa maji, na ufuko ukasogea mbali na ngome. Baada ya Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, Mfalme Leopold alipata Kongo kwa njia ya Bahari ya Atlantiki na Karema ikaangukia upande wa Wajerumani. Haikuwa na faida tena kwake. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe.

Hivyo kituo kilichojengwa kwa tamaa ya mfalme kikawa mahali pa kukimbilia watu waliotoroka utumwani, na mtoto aliyekuwa mtumwa akawa tabibu wao. Muumini ataona hapo mkono wa Mungu. Asiyeamini ataona mikasa ya historia. Wote wawili watakubaliana kwamba hakuna aliyelipanga jambo hilo kwenye karatasi.

Kutibu wakati wa bunduki na mshale

Karema ya mwaka 1889 haikuwa mahali pa amani. Pande zote mbili za Ziwa Tanganyika zilikuwa zikivamiwa na wawindaji wa watumwa, na nguvu ya Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ilikuwa kubwa kutoka Ujiji. Ng'ambo, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa akipigana kuwalinda watu waliokuwa karibu na misheni. Majeruhi wa risasi, mikuki na mishale walihitaji mtu wa kuwatoa vipande mwilini, kuwafunga na kuwakesha. Utawala wa Wajerumani ulikuja kushika mwambao katika miaka ya 1890. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Baada ya bunduki yalibaki magonjwa. Ndui iliua watu na kuwaacha wengine vipofu. Funza, mdudu aliyeletwa kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika, alifika maeneo ya maziwa katika miaka hiyo na kuwala watu vidole. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilienea kando ya Ziwa Tanganyika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta njaa na homa. Na kila masika ilirudi malaria.

Kwa wagonjwa wa aina hii Atiman alikuwa mara nyingi ndiye tabibu pekee aliyesoma ambaye mtu angeweza kumfikia. Kuna kumbukumbu moja inayosaidia kuelewa ukubwa wa pengo hilo: Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, miaka mitano baada ya kifo chake, madaktari Waafrika wa nchi nzima walihesabika kuwa 12. Yeye alikuwa ameanza kazi yapata miaka 70 kabla ya hapo.

Hapa ndipo maisha yake yanapogusa mjadala unaosikika hata leo katika nyumba nyingi: ukiwa na imani, dawa ni ya nini? Ukienda zahanati, umemkosea Mungu uliyesema unamtegemea? Atiman alikuwa katekista. Alifundisha watu kusali na kumtegemea Mungu. Mchana huohuo alisafisha vidonda, akapima homa, akagawa kwinini. Hakuona kwamba kazi moja inaifuta nyingine. Kwake kumtegemea Mungu hakukumaanisha kukunja mikono. Kulimaanisha kutumia mikono yote, kisha kukubali kwamba matokeo si mali yake.

Tofauti hiyo ndiyo wengi huikosa. Mtu anayetaka kuyashika maisha yake yote kwa nguvu zake anadai vitu viwili: kutenda, na kuhakikisha matokeo. Anayekata tamaa anaviacha vyote viwili na kuiita hali hiyo imani. Anayejikabidhi anashika cha kwanza na kuachilia cha pili. Tabibu anayefanya kazi bila maabara wala wenzake wa kushauriana nao analijua jambo hili kila wiki. Amefanya alichoweza, na mgonjwa amekufa. Kesho asubuhi wapo wengine mlangoni. Asiyeweza kuachilia matokeo hawezi kudumu miaka 67 katika kazi hiyo. Ama atavunjika moyo, ama atakuwa mgumu asiyesikia tena kilio cha mtu.

Padri Joseph: kumtoa mwana

Karema, Adrien alimwoa mwanamke aliyeitwa Agnes, wakajaliwa mtoto wa kiume, Joseph. Joseph aliingia seminari na kupewa upadri mwaka 1923. Alikuwa miongoni mwa mapadri wa kwanza Waafrika katika sehemu hii ya nchi, wakati ambapo hata wale wa kwanza kabisa wa Tanganyika, waliopata upadri Bukoba mwaka 1917, walikuwa bado wachache wa kuhesabika kwa vidole.

Leo habari kama hiyo hupokelewa kwa vigelegele na ng'ombe wa sherehe. Lakini inabidi kuitazama kwa macho ya mzazi. Padri wa Kikatoliki haoi. Kwa upande wa mwana huyo, hakutakuwa na wajukuu wa kuitwa kwa jina la babu. Katika jamii zetu, ukoo usiopata mtoto wa kuuendeleza ni jambo zito, na kwa mtu ambaye aling'olewa utotoni kutoka kwa baba, mama na ndugu zake wote, uzito unaongezeka. Alikuwa ameanza ukoo mpya peke yake, katika nchi isiyo yake, akiwa hana shangazi wala mjomba. Angekuwa na kila sababu ya kumng'ang'ania mwanawe.

Watekaji walipomchukua yeye kutoka Tundurma, hakuna aliyewauliza wazazi wake. Alipofika yeye kuwa mzazi, ilikuwa zamu yake kumwachia mtoto aende. Matendo hayo mawili yanaweza kufanana kwa mbali kwa sababu yote mawili yanaacha nyumba tupu. Lakini moja ni wizi na jingine ni sadaka, na kinachoyatofautisha ni ridhaa.

Je, Mungu alipanga utekwe?

Kuna hatari katika kusimulia maisha ya namna hii. Mtu anaweza kusema: tazama, kama asingetekwa asingefika Karema, kwa hiyo kutekwa kwake kulikuwa mpango wa Mungu. Hoja hiyo ikisukumwa mbele kidogo, mtekaji anageuka kuwa mjumbe wa Mungu, na mama wa Tundurma aliyemlilia mwanawe anaambiwa anyamaze.

Mafundisho ya Kikristo ya siku nyingi hayasemi hivyo. Yanasema kwamba Mungu hataki uovu, lakini anaweza kutoa jema hata pale ambapo watu wametenda uovu. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Yosefu, mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri, na baadaye akawaokoa watu wengi na njaa. Kosa la ndugu zake halikugeuka kuwa haki kwa sababu ya mwisho mwema. Walibaki na hatia, na ilibidi waombe msamaha.

Kumbukumbu za Atiman mwenyewe zinasaidia hapa. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, iliyotokana na maandishi yake mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likikusanya habari za historia na jamii za nchi hii. Wakati huo alikuwa mzee anayekaribia miaka 80. Alikisimulia kisa cha kutekwa kwake kama uovu aliotendewa, na maisha ya baadaye kama neema aliyopewa. Hakuvichanganya.

Mfano mwingine wa wakati huohuo unatoka Sudan. Josephine Bakhita, aliyezaliwa Darfur yapata mwaka 1869, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa na hatimaye akafika Italia. Mwezi Novemba 1889, mahakama ya Venice iliamua kwamba alikuwa mtu huru na haiwezekani kumrudisha kwa bibi yake kwa nguvu. Aliamua kubaki na watawa waliokuwa wakimfundisha dini, akabatizwa mwaka uliofuata, kisha akawa mtawa hadi kifo chake mwaka 1947. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000, na jina lake linajulikana vizuri katika parokia za Tanzania. Mwaka uleule wa 1889, mmoja alisimama mahakamani Venice na mwingine akafungua mizigo yake Karema. Wote wawili walikuwa wametoka mikononi mwa mabwana, na wote wawili walilitumia neno lao la kwanza kama watu huru kujifunga kwa Mungu.

Mtumwa hawezi kutoa maisha yake kwa sababu si yake, yameshachukuliwa. Ni mtu huru tu anayeweza kuyatoa. Ndiyo maana kujikabidhi kunakodaiwa kwa vitisho, iwe na mume, mchungaji, mganga au kiongozi yeyote, hakustahili jina hilo. Mtu akikuambia umkabidhi Mungu maisha yako, halafu yeye ndiye anayebaki na funguo za nyumba yako na akili yako, hapo aliyekabidhiwa si Mungu.

Miaka ya mwisho na kilichobaki

Atiman aliendelea na kazi uzeeni. Alipofika, dawa yake kubwa ya homa ilikuwa kwinini. Alipokaribia kuondoka, dunia ilikuwa imepata penisilini. Alikuta ngome ya Wabelgiji iliyogeuzwa misheni, akaishi chini ya Wajerumani na kisha Waingereza. Maaskofu walikuja na kufa, mapadri walihamishwa, yeye akabaki. Kanisa na watawala wa kiserikali walimtunuku nishani. Mwaka 1956 alifariki akiwa na umri wa miaka kama 90, na kuzikwa Karema.

Mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya kifo chake, Karema ilifanywa jimbo kamili. Jimbo hilo baadaye lilihamishia jina na makao yake Sumbawanga, na mwaka 2000 Jimbo la Mpanda likazaliwa kutoka humo. Wakatoliki wa Shanwe wanaosali leo chini ya Jimbo la Mpanda wanatoka katika mti ambao mizizi yake iko Karema. Dar es Salaam, nyumba ya Wamisionari wa Afrika inaitwa Atiman House kwa heshima yake. Karema yenyewe sasa inajulikana zaidi kwa bandari yake mpya, iliyokamilika mwaka 2022 na kutarajiwa kuunganisha mkoa wetu na Kongo. Mahali palipoachwa na Mfalme Leopold kwa kukosa faida pameanza tena kuingia katika mipango ya watu.

Si kila aliyesoma maisha haya ni Mkristo, na si kila Mkristo ataona mambo yaleyale ndani yake. Lakini kwa yeyote anayejiuliza ni wapi mkono wake unaishia na wa Mungu unaanzia, Atiman ameacha jibu la vitendo. Hakuweza kuchagua pa kuzaliwa, wala pa kupelekwa, wala chuo cha kusomea. Alichoweza kuchagua ni kukaa. Kila asubuhi kwa miaka 67, wagonjwa walipojipanga mlangoni, angeweza kutokufungua. Alifungua.